Insha ya kengele: kisa cha insha moja iliyotakiwa kufungua milango mitatu

Alikuja mwanzoni mwa Novemba na insha ambayo, kwa hesabu zake, ilikuwa imekwisha. Ilikuwa na maneno 648, na fomu inapokea 650. "Mwalimu, naomba uniangalizie Kiingereza tu," aliniambia. Nimewasomea vijana insha za maombi ya vyuo kwa miaka kadhaa, na hilo neno "tu" nimejifunza kuliogopa. Anayelisema huwa ameshaamua kwamba mengine yote yako sawa.

Nitamwita Binti. Mambo madogomadogo nimeyabadilisha asitambulike; yaliyobaki ameniruhusu kuyasimulia. Alikuwa amemaliza sekondari na matokeo mazuri, isipokuwa mwaka mmoja katikati ambapo alama zake ziliporomoka, za hisabati zaidi kuliko nyingine. Alitaka kusoma sayansi ya kompyuta. Alikuwa anaomba vyuo kadhaa vya Marekani, vinne vya Uingereza, na ufadhili mmoja wa masomo ambao sitautaja. Mpango wake ulikuwa kuituma insha ileile kila mahali, akigeuza jina la chuo kwenye sentensi ya mwisho.

Insha yenyewe, ambayo aliiandika kwa Kiingereza nami naitafsiri, ilianza hivi: "Maisha ni safari yenye milima na mabonde. Nilipompoteza baba yangu nilidhani ndoto zangu zimezimika, lakini msiba ule ulinifanya kuwa imara." Aya ya pili ilieleza ugonjwa. Ya tatu mazishi. Ya nne ilisema amejifunza uvumilivu, bidii na kutokata tamaa. Ya mwisho ikaahidi kwamba atakuwa daktari ili mtoto mwingine asipite alikopita yeye.

Daktari! Na kwenye fomu, palipoulizwa kozi, ameandika sayansi ya kompyuta.

Ningependa kusema kwamba nililiona hilo siku ileile. Sikuliona. Siku ya kwanza nilifanya nilichoombwa: nilichukua kalamu nyekundu nikaingia kazini. Nikarekebisha vitenzi, nikaondoa maneno yaliyorudiwa, nikaibadilisha milima na mabonde ikawa kitu cha kifahari zaidi, na kwenye aya ya nne nikaongeza sentensi mbili zangu mwenyewe kwa sababu zake zilikuwa zinachechemea. Nilijivunia ile kazi. Wiki moja baadaye akaniletea nakala safi, marekebisho yangu yote yamo, hakukataa hata moja. Nikamwuliza kuhusu neno fulani la aya ya nne, alimaanisha nini hasa pale. Akaliangalia, akaniangalia.

"Hilo ni lako, Mwalimu."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mwazimishaji nilikuwa mimi. Niliisoma insha upya kuanzia juu, safari hii bila kalamu, na ndipo nikamwona yule daktari. Binti akacheka kwa aibu. Sentensi ile aliiona kwenye insha ya mfano mtandaoni, akaona inafaa kufungia habari za ugonjwa. Hakuwahi kutaka udaktari hata siku moja. Damu humtia kizunguzungu.

Basi hapo tulikuwa na insha ambayo mwisho wake ni wa mtu asiyemjua, katikati yake ni pangu, na mwanzo wake ni wa kila mtu. Kiingereza chake kilikuwa safi kabisa.

Nani aliuliza, na aliuliza nini

Niliweka insha pembeni, tukafungua fomu. Kwa Marekani alikuwa anatumia Common App, fomu ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15 na ambayo leo inapokewa na vyuo zaidi ya 1,000. Ina insha moja kuu ya maneno kati ya 250 na 650, inayokwenda kwa vyuo vyote vinavyoitaka. Maswali yapo saba, mwombaji anachagua moja, na la saba ni ruhusa ya kuandika juu ya chochote. Yeye alichagua la pili, linalotaka usimulie wakati ulipokabili changamoto, kikwazo au kushindwa, kisha ueleze ulijifunza nini.

Nikamwuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. "Unataka kuandika habari za baba?"

Alikaa kimya kwa muda. "Sitaki. Lakini si ndicho wanachotaka?"

Jibu hili nimelisikia kwa sura nyingi, na kila mara linanichoma. Vijana wetu wamejifunza mahali fulani kwamba insha ya maombi ni soko la machungu, na kwamba asiyekuwa na msiba wa kuuza ni bora akae nyumbani. Mwenye kidonda anakifunua. Asiye nacho anakitafuta, au anakitunga. Sisemi kifo cha mzazi ni jambo dogo. Nasema insha ya Binti ilieleza yale tu ambayo kifo humfanyia kila mtu: ulilia, ulivunjika, ukasimama. Ungeweza kuondoa jina lake ukaweka la mwingine aliyefiwa na hakuna sentensi hata moja ambayo ingegeuka uongo. Baba mwenyewe hakuwemo humo. Hatukujua alikuwa mtu mrefu au mfupi, mcheshi au mkali, wala walizungumza nini.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine ya kumleta baba, na hii ilikuwa ya msingi. Zile alama zilizoporomoka ni za mwaka wa ugonjwa wake. Binti aliogopa kwamba asipoeleza, msomaji ataona uvivu. Hofu yake ilikuwa ya haki kabisa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba insha ndiyo mahali pekee pa kusemea.

Fomu ile ina visanduku vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Kimojawapo ni cha changamoto na mazingira, chenye nafasi ya maneno 250, kilichowekwa mahususi kwa mambo yaliyoathiri masomo ya mwombaji. Tena shule nayo hutuma barua na ripoti, na mwalimu anayeandika barua anaweza kulieleza jambo hilo kwa sentensi mbili zenye uzito kuliko aya tatu za mwanafunzi mwenyewe. Tulikaa tukaandika hivi, akitamka yeye na kuandika yeye:

"Katika kidato cha tatu baba yangu aliugua kwa miezi saba, akafariki Septemba. Mama alikuwa kazini mchana, kwa hiyo mimi nilibaki naye hospitalini siku mbili au tatu kila wiki. Nilikosa siku 41 za masomo. Alama zangu za mwaka huo zinaonyesha hivyo, hasa hisabati, ambayo sikuweza kuifuatilia peke yangu. Mwaka uliofuata nilirudia mada zote nilizozikosa kwa msaada wa mwalimu wa hisabati, na matokeo yangu ya mwisho yanaonyesha nilipofika."

Basi. Hakuna milima, hakuna mabonde. Ni taarifa, na afisa wa udahili anajua pa kuiweka: anaichukua, anaiweka kando ya alama, anaendelea. Ile namba 41 ilifanya kazi ambayo aya ya mazishi haikuweza. Na Binti, alipomaliza kuiandika, alishusha mabega. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba maneno 650 yaliyobaki sasa ni yake, ayafanyie apendavyo.

Tatizo likawa moja: hakuwa na la kuandika. Au ndivyo alivyodhani.

Nafasi ya tisa

Common App ina orodha ya shughuli zako nje ya darasa. Nafasi ni kumi, na kila shughuli unaieleza kwa herufi 150, yaani sentensi moja iliyobanwa. Huwa naisoma orodha hiyo kuanzia chini kwenda juu. Juu watu huweka wanachodhani kinapendeza: kiranja, mdahalo, klabu ya mazingira. Chini hubaki kile walichokifanya kweli lakini wanakionea haya.

Nafasi ya tisa ya Binti iliandikwa: mtunza muda wa shule, kupiga kengele. Miaka miwili.

"Hii kengele ni nini?"

"Ah, Mwalimu, hiyo ni ya kujazia tu."

Ile "tu" tena. Nikamwambia anisimulie hata hivyo, na akazungumza dakika arobaini.

Alipokabidhiwa kazi ile aliambiwa aifuate saa ya ukutani ya ofisini. Baada ya muda malalamiko yakaanza, na yalikuwa ya ajabu: kila Ijumaa, wanafunzi wa basi walichelewa kutoka na kulikosa. Jumatatu hapana, Jumanne hapana. Ijumaa. Wenzake wakamwona mzembe wa mwisho wa wiki. Yeye alijua anapiga kengele kwa dakika ileile kila siku, kwa hiyo akaanza kulinganisha. Kila asubuhi alisikiliza redio nyumbani, akairekebisha saa yake ya mkononi kwa mlio wa saa kamili, akaja nayo shule na kuandika tofauti kati yake na ile ya ukutani. Wiki tatu za namba. Saa ya ofisi ilikuwa inapoteza karibu dakika mbili kwa siku. Jumatatu asubuhi karani aliirekebisha, ndiyo sababu wiki ilianza vizuri. Kufikia Ijumaa mchana shule nzima ilikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika nane, nalo basi halikuwa na habari.

Akampelekea mwalimu mkuu daftari. Mwalimu mkuu akalisoma, akalirudisha, akasema: "Saa ya ofisi ndiyo saa ya shule." Hakutaka inunuliwe nyingine. Binti alirudi siku ya pili na ombi dogo zaidi. Saa ibaki palepale, ila aruhusiwe kuirekebisha kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza. Hilo likakubaliwa. Basi halikukoswa tena.

Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kufikiria kuliandika hilo. Akasema, "Nani atanipa nafasi chuoni kwa ajili ya kengele?"

Hapa niseme jambo ambalo watu hulielewa vibaya. Ushauri wa siku hizi, "andika juu ya kitu kidogo," umeshakuwa mtego wake. Nimesoma insha za vitu vidogo ambazo ni tupu kama zile za misiba mikubwa: mtu anaeleza kiatu chake kwa aya tatu kisha analazimisha kiatu kiwe mfano wa maisha. Udogo si sifa. Kengele ilifaa kwa sababu ndani yake Binti anaonekana akifikiri. Analaumiwa, hakubali wala hakatai, anapima. Anapata jibu, jibu linakataliwa na mwenye mamlaka, naye anatafuta ombi ambalo linaweza kukubalika. Msomaji anayetafuta mtu wa kumweka darasani anaona hapo jinsi huyu mtu atakavyokuwa darasani. Ingekuwa kwenye habari za baba ndiko alikofikiri hivi, ningemwambia aandike habari za baba.

Rasimu

Nilibadilisha utaratibu wangu. Kalamu nyekundu niliiweka kabatini. Kwenye rasimu zake nilikubaliana na nafsi yangu kuandika alama ya kuuliza peke yake, pembeni, pale ninapokwama. Sikuandika neno, wala sikuonyesha namna ya kurekebisha. Alinung'unika mwanzoni, akisema alama ya kuuliza haimwambii afanye nini. Kweli haimwambii.

Rasimu ya kwanza ya kengele ilianza na maana ya muda kwa mujibu wa kamusi. Alama ya kuuliza. Ya pili ilianza na historia ya shule. Alama ya kuuliza. Ya tatu ilianza hivi: "Kila Ijumaa wanafunzi 14 wa shule yetu walilikosa basi, na kila mmoja wao alijua wa kumlaumu. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kengele." Sikuweka kitu.

Rasimu ya nne ilikuja na aya ya mwisho mpya, na nilipoifikia nilihisi nimebadilishiwa mtu katikati ya mazungumzo. Ilisema kwamba kupitia uzoefu huu amegundua kuwa muda si namba tu, bali ni uzi usioonekana unaoiunganisha jamii. Binti haongei hivyo. Nilimwuliza bila ukali, naye akasema ukweli: alichoka saa sita za usiku, akaipa programu ya akili mnemba insha nzima na kuiomba imalizie.

Hili nilitaka alielewe kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza ni sheria. Tangu mwaka 2023 kanuni za Common App kuhusu udanganyifu zinataja wazi kuwasilisha kazi ya akili mnemba kana kwamba ni yako, na mwombaji anatia sahihi kwamba kilichomo ni chake. Vyuo navyo vimeshituka. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 2024 kiliacha kuzipa insha alama za namba, kwa kuwa hakikuweza tena kuchukulia kwamba insha inaonyesha uwezo halisi wa mwombaji wa kuandika. Programu hizi zilitajwa kuwa sababu, na washauri wa kulipwa pia. Sababu ya pili haina uhusiano na sheria. Ile aya ilifunga kitu ambacho yeye hakuwa amekifunga. Programu ilimpa hitimisho, na yeye alikuwa bado na swali.

Swali lenyewe lilitoka siku tatu baadaye. Alipokabidhi kengele kwa mtunza muda mpya, mtoto wa kidato cha pili, alimwonyesha daftari na namna ya kurekebisha saa. Yule mtoto akamwuliza, "Dada, na siku nikiumwa, nani atairekebisha?" Hakuwa na jibu. Alitembea nalo hadi nyumbani. Kwa maelezo yake, ndiyo siku aliyoanza kusoma juu ya mifumo inayojirekebisha yenyewe, na ndiyo njia iliyomfikisha kwenye kompyuta. Insha ikaishia kwenye swali la mtoto, pamoja na sentensi moja kwamba bado analitafutia jibu.

Limebaki jambo la baba. Kwenye rasimu ya sita aliingiza sentensi hii katikati, bila kuniambia: "Mwaka ambao baba alikuwa hospitalini nilichelewa kupiga kengele mara 11, na hakuna mtu aliyenisema." Haina maelezo mbele wala nyuma. Rasimu ya saba aliiondoa, akiona inavunja habari ya saa. Ya nane akairudisha. Sikuweka alama ya kuuliza mara zote tatu, kwa kuwa hilo halikuwa langu. Lakini nikiulizwa leo, nitasema ile sentensi moja imebeba msiba kuliko ile insha ya maneno 648. Shule nzima iliyokuwa ikilalamikia dakika nane za Ijumaa ilinyamaza.

Rasimu ya tisa ndiyo iliyotumwa. Maneno 603. Aliniuliza kama ajazie yaliyobaki. Nikamwambia fomu haimlipi mtu kwa neno.

Milango mingine miwili

Uingereza kulikuwa na mshituko. Binti alijaribu kuibandika insha ya kengele kwenye fomu ya UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, na haikuwa na mahali pa kukaa. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, maelezo binafsi ya UCAS si insha moja tena. Ni majibu ya maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kujiandaa. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi kati ya maneno, na kila jibu lisipungue herufi 350. Maelezo hayo yanakwenda kwa kozi zote ulizochagua, hadi tano, kwa hiyo hata kutaja jina la chuo ni kosa.

Tofauti si ya urefu. Mmarekani anauliza wewe ni nani; Mwingereza anauliza unalijua kiasi gani somo unalotaka kufundishwa, na kwenye baadhi ya vyuo wanaosoma jibu hilo ni wahadhiri wa somo lenyewe. Yule daktari wa insha ya mfano angeuawa kwenye mstari wa kwanza. Kwa hiyo kengele ilipewa sentensi mbili, na zilizobaki zikaenda kwenye kile ilichomfanya asome: namna kompyuta zilizotawanyika zinavyokubaliana saa. Alikuwa amesoma juu ya itifaki ya muda ya mtandao, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kulinganisha saa zao, iliyobuniwa na David Mills na kuanza kutumika mwaka 1985, na alifurahi kuona kwamba inafanya alichokifanya yeye kila asubuhi: kuuliza chanzo kinachoaminika, kupima tofauti, kurekebisha kidogokidogo. Kisha akakutana na wazo la mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport la mwaka 1978, kwamba mashine zinaweza kupanga matukio lipi lilitangulia lipi bila kutegemea saa halisi hata kidogo. Aliniambia wazo hilo lilimkera kwa siku mbili. Nikamwambia aandike hivyohivyo, kwamba lilimkera na kwa nini. Akaandika.

Ufadhili nao ulikuwa na swali lake: eleza wakati ulipoongoza wengine kuleta mabadiliko, maneno 500. Kabla ya kuisoma rasimu yake nilimtaka afungue masharti tuyasome, kwa sababu wafadhili hawafanani kwenye suala la msaada. Ufadhili wa Rhodes wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford, kwa mfano, unamtaka mwombaji athibitishe kwamba maelezo yake binafsi ameyaandika bila kusaidiwa, na msomaji wa pembeni kama mimi hatakiwi kuyagusa. Huu wa Binti uliruhusu maoni. Nikasoma.

Kengele ilikuwepo, lakini yenye nafsi nyingine. "Tuligundua tatizo. Tulipima. Tulimshawishi mwalimu mkuu." Nikamwuliza akina nani. Hakuwapo mwingine. Alisema kuandika "nilifanya" mara nyingi kunamwonyesha kama mtu wa majivuno. Heshima hiyo naielewa, mimi mwenyewe nimelelewa nayo, lakini mtu anayesoma mamia ya majibu hawezi kujua kwamba "tuli-" yako ni adabu. Anachosoma ni kwamba kuna kundi, na wewe hujulikani ulikuwa upande gani wa daftari. Upande wa pili nao una hatari: wapo wanaofuta kila "tuli-" na kujikuta wamejenga shule peke yao. Njia aliyoipata yeye mwenyewe ilikuwa ya kweli zaidi. Kupima ni "nilipima". Kuamka saa kumi na moja kusikiliza redio ni "niliamka". Karani aliyemfundisha kuifungua ile saa bila kuiharibu alitajwa kwa kazi yake, sentensi nzima. Hakuwemo kabisa kwenye rasimu ya mwanzo.

Insha hii ndiyo iliyonipa shida kubwa kuliko zote, na sidhani tuliimaliza vizuri. Wafadhili wanataka kuona mbele: fedha hizi zitafanya nini, utawarudishiaje wengine. Binti alikuwa na mchana wa basi moja wa kuonyesha. Aya yake ya mwisho juu ya mipango ya baadaye ilibaki na maneno mapana, "kuleta mchango katika sekta ya teknolojia," na zile alama zangu za kuuliza hazikumtoa pale. Alikuwa na miaka 18. Labda hakukuwa na kitu chini ya maneno yale cha kukifukua, na kuendelea kumbana ningemsukuma kutunga.

Fomu za Marekani alizituma tarehe 30 Desemba, siku mbili kabla ya mwisho, baada ya kuniapia kwamba hatasubiri saa tano na dakika 59 usiku. Mwaka uliotangulia kijana mwingine alisubiri, na mtandao ukakatika.

Majibu yalikuja kwa awamu. Vyuo viwili vya Marekani vilimpokea, kimoja kwa msaada wa fedha unaotosha kwenda. Uingereza alipata nafasi mbili bila fedha. Sitasema ni insha iliyomwingiza. Alama zake za mwisho zilikuwa nzuri, barua ya mwalimu wa hisabati ilikuwa nzuri, na mimi sikuwa ndani ya vyumba vilivyoamua. Ufadhili ulimwita kwenye usaili, kisha ukampa mwingine.

Alinipigia simu siku ya usaili ule. Alisema mmoja wa waliomhoji aliisoma insha hadi mwisho kisha akauliza, "Kwa hiyo saa ipi ilikuwa sahihi?"

"Ukajibuje, mwanangu?"

"Nilimwambia ya redio. Lakini basi lilikuwa linafuata ya dereva."